Moshi wa Nyumba ya Mganda

Mwaka ule wa mvua za El Nino, watu wa Ilembo walikuwa wameshakubaliana, bila kuitisha kikao, kwamba yule mwalimu Mganda hana mke. Anasema anaye, lakini hana. Mke gani haonekani tangu Julai? Na ile picha anayoichomoa kwenye pochi kila akiulizwa, picha ya dada mwembamba kavaa gomesi, vazi la Kiganda lenye mabega yaliyochongoka, nani kasema ni mke? Picha za dada zetu hata sisi tunazo.

Hayo yalisemwa bombani, na Emerensiana alikuwepo. Kwa kawaida yeye ndiye angeongeza chumvi, maana Mpanda nzima hakukuwa na mtu aliyependa habari za watu kama Emerensiana. Aliuza maandazi pale sekondari, asubuhi kwa wanafunzi na saa nne kwa walimu, na kabla beseni halijaisha alikuwa ameshajua nani kanuniana na nani na nani kawapatanisha. Lakini siku hiyo alijitwisha ndoo yake akasema tu, "Anaye. Tena anakuja."

"Umemwona wewe?" akauliza Scola.

"Nimemwona huyo mwanaume anavyokula."

Wakacheka. Yeye hakucheka. "Anakula amesimama, macho mlangoni. Mtu asiye na mke hukaa chini akala akashiba, hana anayemngoja."

Scola alikuwa mke wa Mwalimu Révérien wa hisabati, kijana wa Katumba, wazazi wake wamekimbilia huko kutoka Burundi yeye akiwa bado mgongoni. Walikuwa na watoto wawili na wa tatu njiani, na walipanga nyumba ya tope ambayo mvua ilikuwa imeshaanza kuila ukuta wa nyuma. Kwa hiyo Scola alipouliza habari za mke wa Mganda, hakuuliza kwa umbea mtupu. Aliuliza habari za nyumba.

Nyumba yenyewe ilikuwa hivi. Sekondari ile ya wazazi Kiingereza kilikuwa kimeishinda. Walimu walikuja, wakakaa muhula mmoja, wakapanda treni wasirudi. Bodi ikaona heri kuagiza mtu Uganda, na kwa kuwa hakuna anayeacha kwao akaja Mpanda kwa kupenda vumbi, wakamwekea kwenye mkataba: mwalimu wa kutoka nje mwenye ndoa atapewa nyumba. Vyumba vitatu, bati, sakafu ya saruji, na jiko la nje lenye paa lake. Asiye na ndoa alikuwa na chumba nyuma ya stoo ya majembe, alale na popo, na nyumba apewe mwalimu mwenye familia anayefuata kwa zamu.

Mwalimu Ezekia, ndiye huyo Mganda, alikuwa amefunga ndoa Pasaka. Hata harufu ya sherehe haijamtoka kwenye suti, akatangulia peke yake, kwa sababu mama mkwe wake kule Masaka alikataa katakata: binti yangu haendi nchi ya watu kulala chumba cha kupanga, nyumba kwanza. Akaipata nyumba, akapeleka habari, na Desemba mkewe, Lidia, akafunga safari. Meli ya Ziwa Viktoria mpaka Mwanza, treni mpaka Tabora. Hapo Tabora mvua ikamfungia mlango. Reli ya kuja Mpanda ilichukuliwa na maji, Mto Koga ukafunika barabara, na habari ya mwisho iliyofika ilikuwa ya dereva wa lori aliyepita kabla maji hayajafunga njia: kuna mama wa Kiganda yuko kwa masista, anawasaidia jikoni, anasema mwambieni mume wangu niko njiani.

Niko njiani. Mwalimu Ezekia aliishi kwa maneno hayo mawili.

Sasa shule ilipofungua Januari, bodi ikakumbuka nyumba yake. Emerensiana alikuwa mle ofisini mwa walimu anahesabu maandazi kwenye sahani pale mkuu wa shule, Mwalimu Mabula, alipolitoa neno hilo. Mabula alikuwa Msukuma mkubwa wa mwili, mpole wa sauti, mtu wa kuzunguka neno kama ng'ombe anavyozunguka kisima kabla hajanywa.

"Mwalimu Ezekia," alisema, "mimi sichungulii chumbani kwa mtu. Kwetu ni aibu kumuuliza mwanaume mkeo yuko wapi. Mimi huwa natazama moshi. Nyumba ya familia jioni inatoa moshi nyuma. Ya kwako naona bati tupu. Bodi nao wana macho."

"Mkuu, natumia jiko la mafuta ya taa."

"Ndiyo hilo ninalosema," akajibu Mabula, akachukua andazi.

Emerensiana alimfuata Ezekia mpaka chini ya ukingo wa paa, mvua inamwagika mbele yao kama pazia. "Mwalimu, nipe ufunguo wa jiko."

"Wa nini, nyabo?" Alimwita hivyo tangu siku ya kwanza, ndiyo heshima ya kwao kwa mwanamke. Kiswahili alikiokota kwa askari na madereva, lakini adabu alikuja nayo.

"Moshi wanautaka. Tutawapa."

"Huo ni uongo."

"Uongo gani? Mke unaye. Moto wake ndio umechelewa."

Akatoa ufunguo.

Jioni hiyo Emerensiana aliingia kwenye jiko lile lisilowahi kuingiwa. Kuta zilikuwa nyeupe kama meno ya mtoto. Alikuwa ameokota mawe matatu kwenye korongo, akayapanga katikati, akayatikisa mpaka yakakaa, na hapo akasita, kibiriti mkononi. Kwao Inyonga, nyanya yake aliyemlea alikuwa mkali kwa jambo moja: mafiga ya nyumba mpya huwashwa na mwenye nyumba. Mwanamke atakayewasha wa kwanza ndiye nyumba itakayemjua, na huyo mwingine atakaa humo kama mgeni mpaka azeeke. Nyanya alikuwa tayari kulala njaa kuliko kuwasha jiko la mkwewe kabla ya mkwe.

Emerensiana alilijua hilo vizuri kama alivyolijua jina lake. Akawasha.

Alijiambia anamsaidia mtoto wa watu. Ilikuwa kweli. Lakini moto uliposhika zile kuni za mti wa mtundu, moshi ukapanda ukatafuta njia chini ya bati, akasikia hatua za mwanaume zikikanyaga maji uani, zinakuja nyumbani, na kifua chake kikafanya kitu ambacho hakikuwa kimefanya miaka mingi. Hakikuwa kwa ajili ya Ezekia, kijana ambaye angeweza kumzaa. Kilikuwa kwa ajili ya hizo hatua.

Maana naye alikuwa na mume. Masunga alimwoa akiwa na ng'ombe wa kujaza bonde, akamjengea Ilembo nyumba ya bati, vyumba vitatu, watu wakaja kuishangaa. Kisha malisho yakabana, Masunga akashuka na mifugo Bonde la Rukwa kufuata majani. Mwanzoni alirudi kila kiangazi na dumu la samli, nyumba ikajaa wageni mpaka wengine wakalala nje. Halafu akawa anarudi kiangazi hiki, kile anaruka. Halafu zikaja habari, na habari zilijua njia ya kwa Emerensiana: kule bondeni Masunga ana mji, ana mwanamke, ana watoto wanaochunga. Mara ya mwisho alikuja kumwoza binti yao Tereza. Alikula, akacheza ngoma, akasema nakwenda kuangalia ng'ombe, nakuja.

Fimbo yake ilibaki nyuma ya mlango wa chumba chake. Kitanda kilitandikwa. Kila Jumapili blanketi lilianikwa, mvua ikikubali, na wapangaji waliokuja kuulizia chumba walijibiwa jibu moja: "Baba Tereza akija atalala wapi?"

Basi kila jioni ikawa hivyo. Akimaliza unga wake wa kesho, anakwenda kwa Mganda, anawasha, anaweka sufuria, kwa kuwa moto bila chungu ni kujidhihaki. Mlenda, samaki mgebuka wa kukaanga, ugali wa muhogo ambao Ezekia aliutafuna kwa subira ya mtu aliyezoea ndizi. Emerensiana akatundika na kanga mbili kwenye kamba ya nguo, zilowe na mvua wazione. Ezekia alikula mlangoni mwa jiko, bado amesimama, akisimulia. Lidia anaimba akifagia. Lidia haogopi nyoka, anaogopa kuku. Lidia alimwambia nikija nitapanda migomba, uone kama ardhi ya huko itakataa.

"Sauti yake ndiyo inaanza kunitoka," alisema siku moja. "Uso ninao, uko kwenye picha. Sauti haikai kwenye picha."

Emerensiana alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Sauti ya Masunga yeye bado alikuwa nayo. Alichosahau ni uso ukiwa umecheka.

Scola ndiye aliyekuja kuvunja starehe. Alimkuta anafungua lile jiko, akajishika kiuno, tumbo mbele. Kanga yake ilikuwa na tope mpaka magotini.

"Mama Tereza, hongera. Umeolewa lini hapa, hata pilau hatujaonja?"

"Acha utani wako, Scola. Namshikia mtu nafasi."

"Mjini hawasemi unashika nafasi. Wanasema umeshika mwalimu."

"Waseme. Midomo si yao?"

"Na mimi ndiye ninayewaambia, kama hukujua!" Kicheko kikamtoka Scola usoni. "Ukuta wangu wa nyuma umelala chini jana. Tumefunga turubai. Watoto wanakohoa kama mbuzi, baba yao usiku anashika nguzo isiruke. Na nyumba hii ya vyumba vitatu ina mtu mmoja na picha! Mimi nilikuwa na zamu, dada. Wewe unaichoma zamu yangu kwa kuni."

Emerensiana alisukuma mlango wa jiko ukafunguka.

"Mke wake anakuja."

"Na wa kwako?" Scola alishusha sauti, ndipo ikauma zaidi. "Una bati wewe. Una vyumba vitatu unalala kimoja. Kizuri kuliko vyote umekipangisha fimbo. Halafu unakuja kupasha moto nyumba ya watu."

Akaondoka akikanyaga kwa uangalifu, mkono mgongoni, kama wanavyotembea wajawazito kwenye utelezi. Emerensiana aliwasha moto siku hiyo pia. Ila ulikataa mara tatu.

Maneno ya bombani yalipanda kilima yakamfikia Mabula, na Mabula akateremka nayo. Alikuja jioni ya Jumatano, mwavuli mkononi, akapiga hodi kwa Ezekia, akakaribishwa kiti, akaulizia hali ya kidato cha nne, akasifu mahindi ya pembeni, akazunguka kisima chake mpaka akafika.

"Nimwone mwenye nyumba basi, nimsalimie. Chakula nakisikia kinanukia."

Jikoni, Emerensiana alishika mwiko akisikiliza. Kanga ilikuwa kichwani. Giza lilikuwa linaingia. Angeweza kutoka ameinamisha uso, akasalimia kwa mbali kama wanavyofanya wakwe, mambo yakapita. Aligundua kwamba mguu wake umeshatoka mbele.

"Si mke wangu, Mkuu," sauti ya Ezekia ikasema. "Mke wangu yuko Tabora. Huyo ni mama Tereza ananihurumia."

Kisha Mabula akacheka, kicheko cha tumboni. "Mwalimu, ule moshi niliujua siku ya kwanza. Mwuza maandazi akiwasha moto anajaza kuni mpaka mlangoni. Mke mgeni angebana. Mayu, mama yangu, njoo hapa, usijifiche, nimekula maandazi yako miaka mingapi?"

Akatoka, mwiko mkononi, uso unawaka.

"Mimi nilitaka moshi," Mabula aliendelea, "ili bodi wakiniuliza niwe na cha kujibu. Lakini sasa wameshajibiwa bombani. Siwezi tena. Na Révérien ananitazama kila asubuhi, macho mekundu, hajalala. Basi nasema hivi. Reli wanasema inakaribia kutengemaa. Treni ya kwanza ikiingia, mkeo akishuka, nyumba ni yake, hakuna wa kumtoa. Asiposhuka, kesho yake Scola anahamia. Umekubali?"

Ezekia alitazama nje, upande wa stesheni, ambako hakukuwa na kitu ila mvua. "Nimekubali."

Mabula alifungua mwavuli. Mlangoni akageuka, akasema taratibu, kwa ile sauti yao ya kumwongelesha mama, "Mayu, na kwako nani anawasha?"

Emerensiana alikwenda nyumbani na swali hilo, akalala nalo.

Honi ya treni ilisikika Mpanda siku ya soko, mchana, jua limetoka kidogo. Mji ulikuwa umekaa bila honi hiyo kwa muda mrefu mpaka watu wakasimama kwanza kuihakikisha. Kisha wakakimbia. Wauza nyanya waliacha nyanya. Ezekia alitoka darasani chaki mkononi, kidato kizima nyuma yake kikishangilia kwa Kiingereza, na Mabula akajifanya hajaona.

Watu wote walikimbia kwenda stesheni. Emerensiana alikimbia kinyume, anawapasua, nao wakimwitia, "Mama Tereza, umepotea njia!", naye akazidisha mbio. Alifika kwenye jiko la Mganda akahema. Hakujua kama Lidia yumo kwenye treni. Alijua kitu kimoja: awe Lidia, awe Scola, atakayeingia humo asikute mafiga ya mwanamke mwingine. Akazoa majivu, akamwaga. Akafagia. Akaondoa kanga kwenye kamba. Kisha akaanza kubeba mawe, moja moja, maana yalikuwa mazito, na bado yalikuwa na joto la jana kwa chini.

Alikuwa na la tatu kichwani, masizi yamemtiririkia mpaka shingoni, alipokutana na msafara. Mbele vijana na masanduku. Katikati Ezekia, na mtu angesema amerefuka. Pembeni yake dada mwembamba kuliko picha, gomesi imekunjamana, kiroba kilicholowa maji mgongoni, na kutoka kwenye kiroba machipukizi ya migomba yakichungulia kama vichwa vya watoto.

"Huyu ndiye mama Tereza," alisema Ezekia.

Lidia alimtazama yule mwanamke mweusi kwa masizi na jiwe kichwani. Halafu, pale pale njiani, kwenye tope, mbele ya Ilembo yote, akapiga magoti kumsalimia, kama wanavyosalimiwa wakubwa kwao. Emerensiana alitaka kumwinua lakini mikono ilikuwa juu imeshika jiwe, na akiinama litamponda binti wa watu.

"Inuka, mwanangu, inuka," alisema, machozi yanafungua njia kwenye masizi. "Utachafua nguo ya safari."

"Nyabo, hiyo jiwe unapeleka wapi?"

"Kwangu. Lilikuwa limepotea."

Scola alikuwa katika kundi. Alikuwa amekwenda stesheni kama wengine, kuona hatima yake inashuka ngazi ya behewa. Alishika mkono wa mwanae akageuka kuelekea kwenye turubai lake.

Jioni, Emerensiana alikaa jikoni kwake akitazama mafiga sita. Matatu yake, matatu aliyorudi nayo. Mtu mmoja, mafiga sita. Alikuwa amewasha yale ya zamani, moto mdogo, wa kikombe cha chai, pale hodi iliposikika. Lidia alisimama mlangoni na kigae mkononi.

"Jiko letu halina moto, nyabo. Nimeokota mawe yangu. Naomba kaa."

Nyumbani kwa mumewe kibiriti kilikuwepo. Ezekia alikuwa na jiko la mafuta ya taa. Lakini msichana yule alikuja kuomba moto, akasimama na kigae chake, na Emerensiana hakumuuliza mumewe alimwambia nini na hakumwambia nini. Alichagua kaa kubwa kuliko yote, jekundu mpaka ndani, akaliweka, akalifunika na majivu lisizimike njiani.

Akasimama uani kungoja, maana nyumba zao hazikuwa mbali. Baada ya muda moshi ukapanda nyuma ya nyumba ya Mganda. Mwembamba, wa aibu aibu. Moshi wa mtu anayebana kuni. Na chini ya moshi huo kulisikika sauti ya mwanamke anaimba akifagia, kisha ikakatika, na sauti ya mwanaume ikacheka.

Emerensiana alisikiliza mpaka ikawa si adabu tena kusikiliza. Akaingia ndani, akafungua chumba cha Masunga. Alikaa kitandani kidogo. Aliweka kiganja kwenye blanketi kama anayepima homa ya mtoto. Kisha akajifunga kanga ya pili, akatoka na kandili kwenda kwenye turubai.

"Scola," alisema, "fungasha. Usiniulize maswali nisije nikabadilisha mawazo."

"Na baba Tereza akija?"

"Akija atapiga hodi kama watu."

Walihama asubuhi, kati ya mvua na mvua. Révérien alibeba meza kichwani, Mabula akatuma mkokoteni wa shule, Ezekia na Lidia wakabeba vyungu, na Ilembo ikaja kusaidia ili ione vizuri. Kufika saa sita nyumba ilikuwa na kelele: mtoto analia, mwingine anagonga sufuria, watu wanabishana kitanda kielekee wapi, Lidia anamkimbia kuku. Kwenye mafiga matatu kulikuwa na maharage ya Scola, kwenye mengine matatu mafuta ya maandazi ya Emerensiana, na moshi ulikuwa mwingi mpaka mpita njia akauliza kama kuna msiba au harusi.

"Vyote viwili!" alijibu Emerensiana, mikono mpaka viwiko kwenye unga.

Scola akatokeza kichwa kwenye mlango wa kile chumba. Alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu aliyeshika kitu cha kanisani.

"Dada Eme, hii niiweke wapi?"

Emerensiana hakuinua macho. Alikanda unga mara moja, mara mbili.

"Hapo hapo nyuma ya mlango," alisema. "Watoto wasiichezee."